Mguu wa Kwanza wa Kushoto

Buibui ana miguu minane. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo, na ndilo lililomkosesha Fundi Sindano raha kwa miaka ishirini na sita. Buibui maarufu wa ukumbi namba mbili wa jumba la makumbusho, aliyelala ndani ya jiwe lake chini ya kioo na taa mbili, alikuwa na miguu saba ya kuzaliwa nayo. Wa nane alitengenezewa na Fundi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi ilikuwa imefika mbali na kutiwa lami. Mguu ule aliouchonga, wa kwanza wa kushoto, ulikuwa umeinuliwa mbele ya kichwa kama wa mtu anayetaka kupanda ngazi gizani, na kwa uzuri wake ukageuka kuwa nembo ya jumba zima. Ulikuwa kwenye bango la mlangoni, kwenye vikombe, kwenye kofia za walinzi na kwenye barua zote rasmi, pembeni juu. Fundi alipoandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa kazini, mguu ulikuwepo. Alipoandikiwa ya pongezi, ulikuwepo pia.

Jina la Sindano lilitokana na kazi. Viumbe wa kale waliogeuka mawe hawatoki machimboni wakiwa wamenawa uso. Hutoka wamefunikwa na mwamba, na lazima mtu akae mbele ya hadubini, sindano ya chuma mkononi, aukwangue mwamba ule punje baada ya punje mpaka kiumbe atokee. Siku nzima ya kazi inaweza kuwa eneo la ukucha wa kidole cha mwisho. Wenye haraka hawaiwezi. Fundi aliiweza vizuri, kiasi kwamba mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na si mtu wa kumwaga sifa ovyo, aliwahi kusema kwamba mume wake angeweza kumtoa kiroboto kwenye shati bila kumwamsha.

Buibui mwenyewe walimwita Bibi. Alipatikana na wapasua kokoto ndani ya jiwe la mviringo, kubwa kama kiazi cha kulisha watu wawili. Jiwe lilipasuka katikati. Nusu moja ilikuwa na Bibi. Nusu ya pili ilikuwa imeshaingia kwenye mashine ya kusaga, na mpaka leo huenda iko chini ya barabara fulani, malori yakipita juu yake. Lakini ile nusu iliyobaki! Miaka milioni mia tatu, na kila kitu mahali pake. Macho yapo. Taya zipo. Vinyweleo vya miguuni, vile ambavyo buibui husikilizia hewa ikitikisika, vinahesabika kimoja kimoja. Na chini ya mwisho wa tumbo vipo vichuchu vya kutolea uzi, kwa hiyo Bibi alikuwa anasokota zamani hizo ambapo ndege wa kwanza alikuwa bado hajapatikana angani. Ungedhani mtu akipewa utajiri wote huo atashukuru na kunyamaza. Profesa hakuwa mtu wa namna hiyo.

Profesa ndiye aliyekuwa mkuu wa idara, na wiki nne kabla ya mkutano mkubwa wa wataalamu wa nchi nyingi alikuwa akija kila asubuhi kusimama nyuma ya bega la Fundi.

"Umeufikia?"

"Bado, Profesa. Naona saba."

"Buibui wa miguu saba umemwona wapi? Mguu upo. Chimba."

"Nimechimba pembeni kote."

"Chimba mbele ya kichwa. Mkao wa mwili unaonyesha ameuinua. Lisemwalo lipo, Fundi, na kama halipo laja."

Fundi alikuwa kijana, kazi yake ilikuwa ya majaribio ya miezi sita, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alichimba siku kumi na tatu bila kuona kitu. Siku ya kumi na nne, Profesa alipouliza kama ameufikia, Fundi akajibu, "Naona kama dalili." Hakuwa ameona dalili yoyote. Alitaka tu apumuliwe shingoni kidogo kuliko jana yake.

Ukishasema unaona dalili, kesho lazima uwe umeona zaidi. Sindano haina ubishi: ondoa mwamba huku, ondoa na huku, acha tuta jembamba katikati, utie viungo kwa ncha, ulipake rangi lifanane na mengine, na tuta hilo ni mguu. Ilimchukua siku nane. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile kabla wala baada. Profesa alipouona aliondoa miwani akafuta macho. "Nilikwambia!" alisema, akamkumbatia Fundi na kumbana mbavu. Na kusema kweli alikuwa amemwambia.

Kutokana na mguu huo Profesa aliandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba buibui wa kale waliwinda kwa kunyata, wakipapasa njia kwa mguu wa mbele. Akaitwa huku na huko kuwaeleza watu jinsi walivyonyata. Fundi akathibitishwa kazini. Miezi mitatu baadaye mkewe akajifungua mtoto wa kike, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo Fundi hakulitegemea.

Mtoto alimpenda Bibi. Alianza kwa kusimama juu ya kigoda kando ya baba yake, mikono nyuma kama alivyofundishwa, akichungulia kwenye hadubini. Wenzake walikuwa wanaogopa buibui. Yeye alikuwa anawauliza kama wanajua buibui anapumua kwa wapi. Aliposhinda mitihani ya sekondari walimwuliza anataka kusomea nini, akasema buibui, mama yake akadhani ni utani, akacheka peke yake. Sasa alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, anaandika tasnifu ya shahada ya uzamivu, na mada yake ilikuwa miguu ya buibui wa kale: viungo vyao, na jinsi walivyotembea. Jiwe la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la Bibi.

Jumatatu moja alimpigia baba yake simu ya kazini.

"Shikamoo Baba. Nimepata nafasi ya mashine."

"Marahaba mwanangu. Mashine gani?"

"Ile ya eksirei ya chuo cha uhandisi. Inaona ndani ya jiwe, vipande vyembamba kuliko unywele. Hatutamgusa Bibi hata kidogo. Jumatano ijayo."

Fundi alisema ni habari njema, akaweka simu chini, akakaa. Kwa juujuu ya jiwe alikuwa hamwogopi mtu. Rangi yake ilikuwa imewapita wageni mia na hadubini zao. Lakini mashine hiyo haitazami rangi. Ingeona kwamba miguu saba imeingia kwenye mwili, na wa nane haukuingia popote, umekaa tu juu kama ndevu za kubandika. Kufukuzwa kazi hakukumtisha, alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Alichokiogopa ni macho ya binti yake siku atakapojua kwamba kitu alichokipenda tangu akiwa juu ya kigoda, kitu ambacho huenda amejengea juu yake miaka yake yote ya chuo, ni uongo wa baba yake.

Basi akaanza kumuugulia Bibi. Alimpigia binti kusema hewa ya siku hizi ina unyevu mbaya, jiwe lisingependa kutoka nje. Binti akaleta sanduku lenye kipimo cha unyevu. Akasema fomu ya kutoa kitu jumbani inahitaji saini sita. Binti akazileta sita, na ya saba ya mtu ambaye hata hakuhitajika. Ikabidi Fundi apoteze ufunguo wa kabati la kioo. Aliutafuta mbele ya watu kwa bidii kubwa, akipekua droo na kuinua mikeka, huku ufunguo ukiwa kwenye kamba shingoni mwake, ndani ya shati.

"Baba yako akianza kupoteza funguo ana jambo," mama alimwambia binti jikoni, kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni. Sebuleni Fundi alijifanya anasoma.

Siku ya Alhamisi alikwenda kwa Profesa. Profesa alikuwa amestaafu miaka kumi iliyopita, ila chumba chake hakikuwa kimeambiwa. Kila Alhamisi alikuja kusoma magazeti na kusalimiwa. Fundi alifunga mlango nyuma yake, akaamkia, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Profesa, ule mguu."

"Upi?"

"Wa kwanza wa kushoto."

Uso wa mzee ulichangamka. "Ah! Ule ndio uliotutoa, Fundi."

"Wanakwenda kuupiga eksirei."

"Safi sana. Ulimwengu uone."

"Niliuchonga, Profesa."

Profesa alikunja gazeti mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka likakataa kukunjika. "Umechoka," alisema. "Watu wa umri wetu kumbukumbu hutuchezea."

"Nakumbuka kila kiungo. Ulisema upo, nikautafuta, sikuuona. Nikauchonga."

"Nilisema upo. Nilisema uchonge?"

"Hukusema."

"Basi. Wanasayansi tunasema kinachopaswa kuwepo, mafundi mnakitafuta. Kama fundi amepata kisichokuwepo, hilo ni suala la ufundi, halinihusu." Akalikunjua gazeti lake, likawa na mistari kama kiganja. "Na mashine hizo nazo hukosea sana. Ukitoka nirudishie mlango."

Fundi akatoka akiwa ameelewa, kwa mara ya kwanza maishani, jinsi mtu anavyoupata uprofesa. Aliurudisha mlango, taratibu, kwa adabu zote.

Jumatano ikafika, kama zinavyofika, na ufunguo ukapatikana. Sheria ya jumba ni kwamba jiwe halitoki bila mtunzaji wake, kwa hiyo ilibidi Fundi ambebe Bibi yeye mwenyewe, kwenye mapaja, sanduku likiwa limefungwa mkanda wa gari. Chumba cha mashine kilikuwa chini kabisa ya jengo la uhandisi: kuta nyeupe, viti viwili vya plastiki, alama ya hatari mlangoni, na mashine yenyewe kubwa kama makabati mawili yaliyogombana yakapatanishwa. Mtambo ulipowashwa mwendeshaji wake alisema utachukua saa tatu kupiga picha zote, akawaachia kompyuta, akaenda zake kunywa chai. Ikawa baba na binti, na mlio mdogo wa kitu kinachozunguka.

Fundi alijikaza. Alizungumzia hali ya hewa. Alizungumzia viti. Alimwuliza binti kama anakula vizuri huko chuoni, binti akasema anakula. Dakika arobaini zilikwisha hivyo. Ndipo akaona kwamba asiposema yeye itasema mashine, na mashine haitajua namna ya kusema.

"Mama," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita binti yake tangu akiwa mchanga, hasa akiwa na la moyoni. "Ule mguu wa mbele wa Bibi si wake. Niliuchonga mimi. Kabla hujazaliwa."

Binti hakugeuka. "Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Kwamba si wake. Mwaka wa pili chuoni tulifundishwa kuhesabu pingili. Kila mguu wa buibui una pingili saba, haijalishi ni wa leo au wa kale. Likizo ile nilikuja jumbani, nikahesabu miguu yote mizima ya Bibi. Saba, saba, saba. Wa kwanza wa kushoto una sita."

"Sita?" Badala ya kuona aibu, Fundi aliudhika kidogo. Ilikuwa kazi bora ya maisha yake. "Haiwezekani. Niliufuatisha ule wa kulia, kiungo kwa kiungo."

"Ule wa kulia umekatika nchani, Baba. Pingili ya saba iliondoka na ile nusu ya jiwe."

Fundi alifikiri juu ya hilo. "Na Profesa? Na wale wote waliokuja kuupiga picha?"

"Profesa ameandika kurasa arobaini juu ya mguu huo. Hakuwahi kuhesabu. Nao walisoma kurasa."

Alicheka kidogo, na Fundi akajikuta anacheka naye. "Miaka sita unajua," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Sasa aligeuka, na macho yale aliyokuwa akiyaogopa kwa siku tisa yalikuwa yale yale ya siku zote. "Nilikasirika mwanzoni. Nililia hata. Kisha nikajua nitafanya nini. Unadhani nilichagua miguu kwa nini? Nilitaka niwe na sababu ya kumweka kwenye mashine, tuutafute wa kweli. Mimi na wewe."

Ulikuwa msamaha mkubwa kuliko alioutarajia, na ulikuwa umemngojea miaka yote hiyo huku yeye akipoteza funguo. Fundi alipenga kamasi kwenye leso. Alijisikia mwepesi. Aliona njaa hata, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Picha zilipokamilika binti alizifungua, na Bibi akatokea kwenye kioo cha kompyuta bila jiwe lake, wa kijivu, akining'inia hewani. Binti alimzungusha kwa kidole. Alimpindua chali. Na pale chini ya kifua palikuwa na mguu, umekunjwa kama kisu cha mfukoni.

"Hesabu," binti alinong'ona.

Walihesabu pamoja kwa sauti, kama chekechea. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, na mwishoni kucha mbili ndogo, safi, kama zimetoka kukatwa jana. Mguu wa kwanza wa kushoto ulikuwepo muda wote. Haukuwa umeinuliwa mbele. Ulikuwa umejificha chini ya mwili, mwenyewe ameukalia, na kule kunyata kote kwa kurasa arobaini kukafutika hapo hapo.

"Mzee alisema kweli!" Fundi alipiga goti lake kofi. "Mguu upo!"

Walifurahi mno. Binti alimshika baba yake mkono akautikisa kama mwanasiasa. Kisha akamgeuza Bibi tena, uso kwa uso, ili apime pale mbele ya kichwa ambapo tuta la Fundi lilikuwa limeelea, haligusi mwili. Kidole chake kikasimama.

"Hii nini?"

Mbele ya miguu buibui ana vipapasio viwili, mfano wa vimiguu vifupi kando ya mdomo. Kwa jike ni vyembamba tu. Kwa dume mzima ncha huvimba ikawa kama ngumi, na umbo la ngumi hiyo kila jamii ya buibui ina lake. Anayetaka kujua buibui ni wa ukoo gani huanzia hapo. Fundi alilijua hilo kwa sababu binti alikuwa amewahi kumweleza mezani kwa kutumia vijiko. Kipapasio cha kulia cha Bibi kiliondoka na nusu ya jiwe. Kila mtu alidhani na cha kushoto kilikwenda njia hiyo hiyo.

Hakikwenda. Shina lake lilikuwa pale, pingili mbili nzima, zikielekea mbele. Baada ya hapo palikuwa pamekatwa, bapa. Pembeni ya palipokatwa mwamba ulikuwa na michirizo midogo iliyolalia kulia, yote sawasawa, na Fundi aliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Kipapasio kilikuwa kimelala nusu milimita chini ya uso wa jiwe, katika mwamba ule ule alioushusha huku na huku ili tuta libaki juu.

"Kilikuwa kizima," binti alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Baba, kilikuwa kizima mpaka nchani."

Fundi alikuwa amerudi kwenye siku ile, sindano mkononi.

"Vumbi lilitoka jeusi," alisema mwishowe. "Siku ya tatu ya kuchonga. Mwamba wote ni wa kahawia, pale likatoka jeusi. Nilidhani ni bahati, maana nilikuwa sijapata rangi ya kufanana na miguu mingine."

"Likawaje? Ulilipuliza?"

"Nililikusanya kwa brashi. Lote. Nikalichanganya na gundi."

Kwa kitambo kidogo uso wa binti ulipata tumaini. "Liko wapi?"

Fundi alinyoosha kidole kuelekea kwenye mashine, kwenye kidirisha ambamo jiwe lilionekana limetulia chini ya taa. "Nililipaka pale. Kwenye mguu."

Kwa hiyo hakukuwa na kilichopotea. Kipapasio cha pekee ambacho kingesema Bibi ni wa ukoo gani, na kama tangu mwanzo alikuwa Babu, kilikuwepo chote, hakikupungua punje, kimesagwa na kupakwa vizuri juu ya pingili sita za uongo. Watu walikuwa wakikitazama kila siku, isipokuwa Jumatatu jumba linapofungwa.

Binti alikitazama kidirisha kile. Mguu wa uongo alikuwa ameshausamehe miaka mingi. Kwa ule alikuwa amejiandaa. Hili hakuwa analijua, na msamaha wake haukulifikia. Fundi aliliona hilo usoni mwake na hakumlaumu. Alitamani binti apige kelele. Alitamani angefukuzwa kazi ile miezi sita ya majaribio, na mimba ya mkewe ingelelewa kwa vibarua. Mwendeshaji wa mtambo alichungulia mlangoni, akawaona walivyokaa, akakumbuka kwamba chai yake bado.

Baadaye binti alivuta daftari. Kila jiwe katika tasnifu yake lilikuwa na ukurasa wake wa kwanza: lilikopatikana, lini, nani alilisafisha. Alikuwa na nakala ya makala ya Profesa, akaiweka kando ya daftari na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa Profesa aliandika 'jiwe lilisafishwa.' Basi. Hakusema na nani."

Fundi aliujua mstari huo kwa moyo. Kwa miaka mingi aliuona ni dhuluma: mwezi mzima wa shingo yake na macho yake, na jiwe limejisafisha lenyewe. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliuona ni mwavuli.

"Na mimi naweza kuandika hivyo hivyo," binti aliendelea, akitazama daftari. "Mguu ulichongwa, kipapasio kilikwanguliwa. Hakuna atakayeuliza. Wakiuliza watadhani ni Profesa."

"Au?"

"Au niandike nani."

Fundi alitazama juu ya ukurasa, ambapo binti alikuwa ameandika jina lake mwenyewe kama wanavyoandika watafiti, la kwake kwanza, la baba yake likifuata.

"Jina langu limo ndani ya lako," alisema. "Kila atakayesoma huku chini atapandisha macho pale juu."

"Ndiyo maana nakuuliza, Baba. Mimi siwezi kujichagulia hili peke yangu."

Binti alikuwa amemtukuza mno kwa kumwuliza. Fundi alifikiria miezi saba iliyobaki, na hafla ya kumuaga, na Profesa akitoa hotuba. Alifikiria watu wasiomjua, katika nchi asizozijua, wakikunja nyuso juu ya jina ambalo baba yake alimpa kwa baraka. Alitamani sana aseme acha. Neno lilimfika ulimini kabisa.

"Andika," alisema. "Majina yote matatu, nisije nikachanganywa na mtu."

Alimtajia polepole, kama mtu mbele ya karani, ingawa binti aliyajua tangu alipojua kusema. Binti aliandika la kwanza, lile ambalo ni lake pia, na hapo kalamu ikasimama. Kisha binti akamsukumia baba yake daftari, akampa kalamu, akamwambia amalizie yeye.